Notisi ya mwezi mmoja, watoto watatu na masika

Mwenye nyumba alikuja Jumapili jioni, akanywa chai yote, ndipo akatoa karatasi mfukoni. Kijana wake anaoa, anaitaka nyumba. Mwezi mmoja tuwe tumetoka. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili, Tabata mvua haikatiki, mume wangu yuko na lori Tunduma, na binti yangu mkubwa yuko darasa la saba, mtihani Septemba. Kumhamisha shule halikuwa jambo la kujadili. Nikajiwekea mpaka: asipande zaidi ya daladala moja. Mpaka huo uliniepusha na safari nyingi za kupelekwa Chanika na Goba.

Madalali nilikutana nao watatu. Kila mmoja elfu kumi ya kuonyesha, upate usipate, na ukipata, kodi ya mwezi mmoja ni yake. Wa kwanza alisema "dakika tano tu kutoka lami". Tulitembea karibu nusu saa, yeye mbele na simu sikioni ili nisimuulize. Wa pili alinipeleka kwenye nyumba nzuri ajabu: vigae, jipsamu, rangi mpya bado inanuka, laki mbili na nusu. Bei ilinitia shaka. Nikaomba kuona uani, na huko ukuta wa jirani, ambao haukupakwa rangi, ulikuwa na mstari wa tope usawa wa magoti. Bonde la Msimbazi liko nyuma tu pale. Tangu siku hiyo nilikwenda kutazama nyumba mvua ikiwa inanyesha. Kwa wa tatu, mama mwenye nyumba aliuliza nina watoto wangapi. Nikasema watatu. Akafunga geti taratibu, kwa adabu kabisa.

Tuliyohamia nilitajiwa na mangi wa dukani: mteja wake mmoja, upande wa Segerea, anahama mwisho wa mwezi. Sikwenda kwa mwenye nyumba, nilianza kwa mpangaji mwenyewe. Anayehama hana cha kuficha. Maji ya bomba? Mara mbili kwa wiki, tena usiku, nunua simtanki. LUKU, mita ya umeme? Ya peke yake, hakuna kuchangiana. Choo mvua ikizidi? Hakijawahi kurudisha. Kwa nini unahama? Akacheka: anahamia kwake, nyumba haina hata madirisha, lakini kodi amechoka.

Kodi ilikuwa 280,000 na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita. Mimi nina laki saba, na kikoba kilinikopesha laki tatu. Wakati huohuo mwenye nyumba wa zamani alikuwa na kodi yangu ya miezi miwili ambayo sikuikalia. Atarudisha, alisema, "mambo yakikaa sawa". Nikabeba mkataba na risiti hadi serikali ya mtaa. Mwenyekiti akamwita, tukaandikishana mbele yake: mwezi mmoja alipe sasa, wa pili mwisho wa Mei. (Ya Mei ililipwa Juni, lakini ililipwa.)

Risiti hizohizo, za miaka minne bila kuchelewa, ndizo nilizomwekea mezani mwenye nyumba mpya. Akazikagua moja moja, akakubali miezi mitatu mitatu. Nikaomba mambo mawili yaingie kwenye mkataba. Kwanza, kodi ya jengo, ile 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, aipunguze kwenye kodi yangu, maana jengo ni lake. Hilo lilipita bila neno. La pili, notisi iwe miezi mitatu, lilimfanya avue miwani. Tukakubaliana miwili.

Kirikuu kilienda mara mbili, elfu arobaini kila safari, magodoro chini ya turubai. Kabati la vyombo halikupita mlangoni. Liko barazani hadi leo, na mangi ameshaniuliza mara mbili kama naliuza.