Chango la mama yule

Mwaka wangu wa kwanza wa utabibu, katika zahanati moja huku Tanga, aliingia mama wa miaka thelathini na kitu, kajitanda kanga, daftari lake la matibabu mkononi. Akasema, "Daktari, nasumbuliwa na chango."

Kichwani mwangu chango ni minyoo. Nikaandika albendazole miligramu 400, dozi moja. Akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki tatu karudi na neno lilelile. Nikamuuliza, tena kwa ukali, kama dawa alikunywa kweli. Akainama. Mhudumu wetu mtu mzima, aliyekuwa akipanga mafaili, akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyo hakwambii minyoo. Chango la uzazi hilo."

Nikafunga mlango, maana foleni nzima ilikuwa ikitusikia, nikamwomba aanze upya. Tumbo la chini humkata kila akikaribia siku zake. Mimba mbili zimetoka. Yote hayo aliyaweka ndani ya neno moja, neno la heshima, ambalo mwanamke mwenzake angelielewa palepale.

Lililoniuma ni kwamba neno lenyewe nalijua tangu utotoni, nimelisikia kwa bibi yangu. Ila mwili wa binadamu nimesomeshwa kwa Kiingereza, tangu kidato cha kwanza hadi chuo, na maneno ya bibi hayakuingia darasani. Ndivyo ilivyo kwa ngiri pia: mzee anaitaja, mimi natafuta henia, kumbe yeye anaona haya kusema nguvu za kiume zimepungua. Degedege ndiyo inayonitisha zaidi. Wapo wazazi wanaoamini mtoto akichomwa sindano akiwa nayo atakufa, basi wanaanzia kwa mganga, na huku nyuma yake mara nyingi ni malaria kali. Mama wa namna hiyo ukimfokea, safari nyingine atachelewa zaidi.

Siku hizi mgonjwa akinitajia ugonjwa kwa jina, namuuliza: linakufanyaje? Na nyumbani mmeshatumia nini? Hili la pili naliuliza taratibu, kwa sababu wengi huficha miti shamba wakihofia kusemwa.

Mama yule nilimwandikia rufaa ya hospitali ya wilaya. Nilipofungua daftari lake kuiandika, ukurasa wa nyuma ulikuwa na mwandiko wangu wa wiki tatu kabla: "Minyoo." Sikuwa nimemuuliza swali hata moja.