Nilivyosaga kipande chembamba cha lava ya Oldoinyo Lengai bila kutumia maji

Nyerereiti, madini yaliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ni kabonati ya sodiamu na kalsiamu inayoganda kutoka kwenye lava ya Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo. Lava hiyo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, takribani nusu ya joto la lava ya kawaida ya basalti, na ikishapoa huwa nyeusi au kahawia. Unyevu wa hewa ukiigusa, huanza kupauka baada ya saa chache, kwa kuwa gregoriti, kabonati nyingine iliyomo, huyeyuka upesi, na nyerereiti hufyonza maji ikageuka madini mengine, pirsoniti.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wa kutengeneza kipande chembamba, yaani kipande cha mwamba kinachosagwa mpaka kipitishe mwanga chini ya hadubini, maana misumeno na mashine za maabara hupozwa kwa maji. Nilipokabidhiwa bonge lililofungwa kwenye plastiki pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, niliamua kufanya kazi yote kwa mkono. Nilikata kikavu kwa msumeno wa chuma, kwani lava hii ni laini, nikakigandisha kipande kwenye kioo kwa gundi ya epoksi isiyohitaji kupashwa moto, kisha nikakisaga juu ya bamba la kioo kwa poda ya kusagia iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Kilichonipa shida zaidi ni unene. Kipande kinatakiwa kifikie milimita 0.03, na kwa kawaida tunaupima kwa rangi ya kwatzi, madini magumu ambayo rangi yake chini ya hadubini hubadilika kulingana na unene. Lava hii haina kwatzi hata chembe. Nilibandika kijipande cha kwatzi kando yake kwenye kioo kilekile, nikavisaga pamoja mpaka kwatzi ikaonyesha kijivu hafifu. Ugumu wa kwatzi ulisaidia pia kuzuia lava isiliwe kupita kiasi.

Siku hiyohiyo nilikifunika kwa kioo chembamba. Chini ya hadubini nyerereiti ilionekana kama vibamba virefu, angavu, vyenye mistari ya fuwele pacha (fuwele za madini yaleyale zilizokua zikiwa zimeungana), na kati yake punje za gregoriti, za mviringo na zenye ukungu wa kahawia. Kwa maoni yangu, hakuna mchoro wa kitabuni unaofundisha tofauti ya madini haya mawili vizuri kiasi hicho. Nakihifadhi kipande hicho kwenye chombo kikavu kilichofungwa, na mistari ile bado inasomeka.