Mgeni akilalamika joto la Dodoma

Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, meseji za wageni wanaolala kwenye vyumba vyangu ni zilezile tu: bosi humu ndani joto, feni inapuliza moto. Mi sibishani nao, na ile ya kumjibu mtu "ndo Dodoma hiyo" hapana aisee, kalipa hela yake. Namwambia mji uko juu kama mita 1,100 hivi, usiku kunapoa, shida ni bati linashika jua mchana kutwa halafu jioni linawatemea nyie mliopo chini, kwahiyo mchana funga mapazia, jua likizama fungua madirisha yote (neti zipo), feni igeuzie dirishani isukume joto nje. Wa Dar ndo wasumbufu zaidi, wamezoea jasho, huku hewa kavu midomo inawapasuka. Maji baridi naweka bure. Anayetaka AC chumba kipo, ila luku anaongeza mwenyewe.