Kusi, kura na zidole za Mama

Ugomvi ulianza usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2022, jikoni, mbele ya sufuria ya uji. Zilikuwa siku za Ashura na Mama alinuia kufunga, kwa hiyo alikuwa akiandaa daku yake. Mimi nikaona hapo ndipo pa kupenyea. Nikamwambia, Mama, una miaka sabini na moja, una sukari, una presha, kesho utakuwa na saumu, na watu watakuwa wamebanana pale shuleni kama dagaa. Si lazima uende.

Akafunika sufuria kwanza. "Mimi takwenda. Wewe kama waogopa, kaa na paka."

Basi. Mama wa Kiamu akishasema "takwenda" hakuna mjadala tena, kuna maandalizi tu.

Niseme kwa nini niliogopa wakati watu wengine walishaisahau korona. Mjomba wangu, ndugu yake Mama wa kuzaliwa naye tumbo moja, tulimzika mwaka 2021, wimbi lile la mwezi wa tatu na wa nne. Na mimi ni fundi wa nguo huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Mwaka 2020 cherehani yangu haikushona kitu kingine ila barakoa. Nilishona mpaka nikaota barakoa. (Neno lenyewe tulikuwa nalo zamani sana, kabla ya ugonjwa: barakoa ni kile kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu. Nilipomsikia mtangazaji wa redio akilitumia mara ya kwanza, nilidhani serikali inatuambia wanaume nao wajifunike.) Nilijua kwa hiyo kitambaa cha matabaka mawili kinazuia nini na hakizuii nini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwezi wa sita mwaka ule kwamba cha nguo kiwe na matabaka matatu, na wateja wangu wakanung'unika kwamba cha tatu kinawakaba roho.

Kufikia Agosti 2022 mambo yalikuwa yamelegea. Mwezi wa tatu serikali iliondoa sharti la barakoa nje, mwezi wa sita ikalirudisha kwa mikusanyiko ya ndani, na katikati ya hayo mawili wanasiasa wakaja hapa kwa mashua na ngoma na kutupakia kwenye viwanja bega kwa bega. Aliyevaa barakoa kwenye mkutano wa kampeni aliulizwa kama anaumwa. Nchi ilikuwa imeshapoteza watu zaidi ya 5,600 waliohesabiwa, na mmoja wao ni aliyenifundisha mimi kuogelea.

Kenya hakuna kura ya posta. Binamu yangu aliye Marekani alipiga kura yake ya mwaka 2020 akiwa mezani kwake anakunywa chai, akaitia kwenye bahasha. Kule mwaka ule zaidi ya watu wanne katika kila kumi walipiga kwa posta. Sisi huwezi. Unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, mahali ulipojiandikisha na si pengine, na kidole chako.

Tukatoka baada ya Alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nimemvika Mama ile barakoa ya buluu ya hospitali, na nikabu juu yake. Mimi nilivaa yangu, na nyingine mbili kwenye mkoba, na kichupa cha sanitaiza, na kigoda kidogo cha jikoni, kwa kuwa nilijua hatapata pa kukaa. Majirani nao walikuwa wakitoka. Sasa nenda ukaeleze mita moja na nusu kwenye ndia za Lamu! Mitaa yetu ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Punda mmoja mwenye mawe mgongoni alitusukuma sote ubavuni mwa ukuta, watu kumi na kitu tumekumbatiana bila kupenda, na Mama anacheka chini ya nikabu yake. "Mwambie naye akae mbali," akaniambia.

Kituo ni shule ya msingi. Milango ilifunguliwa saa kumi na mbili na foleni ya wanawake ilikuwa tayari imepinda kona. Majina hugawanywa vyumba kwa herufi. Kwetu hapa nusu ya mji ni A na nusu ni M, kwa hiyo Mama chumba kimoja na mimi kingine, na foleni mbili ndefu zinazokwenda sambamba kama wapambe wa arusi.

Kijana mmoja mwenye fulana ya karani akatuona. Mwenye heshima, akasema, "Mama njoo mbele, wazee hawapangi foleni." Sheria iko hivyo kweli: wazee, waja wazito, wenye watoto mgongoni na wenye ulemavu hutangulizwa. Akatupeleka mpaka kwenye benchi. Na pale ndipo moyo wangu uliporuka. Benchi moja, refu, limewekwa kwenye ujia baina ya vyumba viwili, ukuta huku na ukuta huku, na juu yake wazee wanane wamekaa wamegusana magoti. Wawili kati yao wanakohoa, sijui kwa tumbaku au kwa nini. Ukitaka kuwakusanya pamoja watu wa mji huu ambao korona ikiwapata itawamaliza, huwezi kuwapanga vizuri zaidi ya vile. Na ilikuwa imefanywa kwa wema!

Nikamwita yule kijana pembeni. Nilijitahidi kutosema kama mwalimu. Nikamwambia, ndugu yangu, hapa hewa haipiti. Agosti ni kusi, na kusi la mwezi ule lilikuwa likivuma tangu usiku, nje mtu alilazimika kushikilia buibui lake. Lakini pale ujiani hata jani halitikisiki. Tulibebe benchi tulipeleke uwanjani chini ya mwarobaini. Akaniangalia kidogo. Akasema, "Korona si imekwisha, dada?" Kisha, sijui alimkumbuka nani, akashika upande mmoja wa benchi. Mzee mmoja alikataa kabisa kunyanyuka, akasema upepo utamletea baridi yabisi. Tukamwacha na ukuta wake. Mama nilimweka kwenye kigoda upande unaotoka upepo, wengine baada yake, na ikawa kama baraza: wanaulizana habari za Matondoni, kijiji kingine cha kisiwa hiki, nani kafa, nani kaoa, chombo cha nani kimeshushwa majini.

Watu huuliza kalamu, huuliza sanduku, kama virusi vinakaa hapo. Nami miaka yote miwili ile nilipangusa vitasa vya milango mpaka rangi ikatoka. Lakini ugonjwa ule hasa ulikuwa wa pumzi. Unaupata kwa kukaa muda mrefu mahali palipofungwa na watu wanaosema, wanaokohoa, wanaobishana. Dakika mbili za kushika karatasi hazikunitia hofu. Saa moja ya kungoja ndiyo.

Zamu ya Mama ikafika. Ndani, madirisha yote yamefungwa.

Makarani sita, mawakala wa wagombea kwenye viti nyuma, askari mlangoni, waangalizi wawili, na wote wale watashinda humo mpaka usiku kura zikihesabiwa. Barakoa niliziona nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa kidevuni. Kabla sijasema lolote, Mama akasimama pale mlangoni akamwambia mwanamke aliyekuwa mezani, "Mwanangu, fungua dirisha hilo, upepo uingie."

"Mama, tulifungua. Karatasi zikaruka."

Alisema kweli. Kusi halijui daftari la wapiga kura. Msimamizi wa kituo alikuja kueleza kwamba asubuhi, wakijipanga, upepo ulipeperusha fomu mpaka chini ya madawati, na kwa kazi yao karatasi moja ikipotea ni kesi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akasema, "Mawe hamna?"

Kukawa kimya. Askari akacheka kwanza. Akatoka nje, akarudi na vipande vya mawe ya matumbawe, yale yaliyobomoka kwenye ukuta wa uwanja, akaviweka juu ya kila rundo la karatasi. Wakafungua madirisha mawili, yasiyoelekea upepo moja kwa moja. Hewa ikaanza kutembea. Ile harufu ya watu waliokaa pamoja ikapungua papo hapo.

Sasa kidole. Chupa ya sanitaiza iliyokuwa mlangoni ilikuwa tupu, nikatumia yangu, na nikafanya kosa: nilimpaka Mama mikono yote miwili. Alipoweka kidole gumba kwenye kile kifaa cha KIEMS, mashine ya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole, hakikusoma. Akapangusa. Hakikusoma. Kidole cha pili, cha tatu. Mama ni mzaliwa wa Matondoni, amesuka ukili tangu hajavunja ungo. Zile alama za kidole ambazo mashine inazitafuta zilibaki kwenye misala na mikeka ya watu. Na mimi nimekuja kuzikausha zaidi kwa spiriti.

"Zidole zangu zimeliwa ni miyaa," akamwambia karani, bila aibu, kama anayetaja daraja lake la masomo.

Karani akampa ujanja anaopewa kila mtu: "Jipanguse kipaji cha uso, Mama, upate mafuta kidogo, kisha weka tena." Nilipiga kelele. Kweli nilipiga, mpaka wakala mmoja akainuka. Miaka miwili tumeimbiwa usiguse uso, usiguse uso, na kifaa chenyewe kimeguswa na mji mzima! Mama akaninyamazisha kwa jicho. Hakugusa uso, akasugua kidole nyuma ya sikio, ndani ya mtandio, mahali anapojipaka mafuta ya nazi. Nayo mashine ikakataa vilevile.

Wakahamia njia ya pili, kutafuta kwa nambari ya kitambulisho. Picha yake ikatokea kwenye kioo, na hapo ikabidi waone uso wenyewe. Nikabu, na chini yake barakoa. Karani mwanamke akamgeuza Mama aelekee ukutani, mgongo kwa wanaume, akanyanyua vyote viwili kwa muda wa kuhesabu tatu. Akatazama picha, akatazama Mama. "Ndiye." Wakajaza fomu ya wale ambao vidole vimewakatalia, mawakala wakajulishwa, tukaendelea.

Mama haoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Unaapa kwamba hutatoa siri yake, unatia sahihi, na huruhusiwi kumsaidia mtu mwingine zaidi ya huyo mmoja. Karatasi sita, kila kiti na rangi yake: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wa wadi. Na hapa likatokea jambo ambalo sikulipanga katika maandalizi yangu yote. Mama sikio la kushoto limezibika. Mimi nina barakoa, yeye ana barakoa na nikabu. Nikimnong'oneza hasikii, nikisema asikie, chumba kizima kinajua Mama yangu anampigia nani. Nilivuta yangu chini kidogo, nikaona macho yake yananikaripia, nikairudisha.

Tukafanya kwa vidole. Karatasi zina picha za wagombea, alhamdulillahi. Nilipitisha kidole changu polepole, picha baada ya picha, naye akanifinya mkono penye mtu wake. Karatasi ya wadi ndiyo iliyochukua muda, kwa sababu wote anawajua, na wawili aliwahi kuwalea. Aliyemfinyia sitamsema. Niliapa.

Akatumbukiza mwenyewe, sanduku kwa sanduku, akifuata rangi ya kifuniko. Wino ukatiwa kwenye kidole. Wote pamoja, tangu mlangoni mpaka kutoka, ilikuwa kama dakika ishirini, nusu yake ni ile mashine. Nikamrudisha kwenye mwarobaini, nikaenda kupanga foleni yangu, ambayo kwa kuwa mimi si mzee ilinichukua saa mbili na robo. Kidole changu kilisoma mara ya kwanza.

Siku kumi zilizofuata nilimpima joto asubuhi na jioni bila kumwambia kwa nini. Alijua. Hakuumwa, wala mimi. Wakala mmoja wa chumba kile aliugua wiki iliyofuata, homa na kifua. Hakupimwa, kwa hiyo hakuna wa kusema ilikuwa nini.

Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 15, nyumba yetu ilijaa, kwa kuwa televisheni yetu ndiyo kubwa mtaani. Mama alikataa kukaa ndani. Alikaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, na mlango wazi, barakoa usoni, anasikiliza kwa lile sikio zima. Jirani mmoja akapita akamuuliza kama bado anaogopa korona.

"Siogopi," Mama akasema. "Ila humo ndani mumefunga madirisha tena."