Redio Isiyosema Wala Kusikia

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nimebeba shehena kutoka Nebraska kwenda Utah kwa barabara ya I-80. Nilisimama Cheyenne, Wyoming, kunywa chai, na niliporudi kwenye lori nikakuta redio yangu ya CB, ile ya madereva kuongea wao kwa wao barabarani, imenyamaza. Taa iliwaka na namba 19 ilionekana kama kawaida, lakini spika haikutoa hata mkwaruzo, na nilipobonyeza maiki sindano ya mita haikusogea. Mbele yangu, kabla ya kufika Laramie, kulikuwa na kilele cha Sherman, ambako barabara hiyo hufika mita 2,633 juu ya usawa wa bahari, na hakuna sehemu nyingine ya I-80 iliyo juu zaidi ya hapo. Simu itakueleza kwamba barabara imefungwa. Redio hukueleza, kwa kinywa cha dereva aliyetoka huko muda si mrefu, kwamba tela limelala ubavu kwenye njia ya kulia na kwamba upepo unasukuma magari matupu.

Kwa asiyeijua, CB ni ndugu wa kile ambacho wazee wetu walikiita simu ya upepo. Nchini Marekani haihitaji leseni, ina chaneli 40 kwenye masafa ya megahezi 27, na kwa AM inaruhusiwa kurusha kwa wati 4 tu. Sisi wa malori hukutana chaneli ya 19, na ya 9 imetengwa kwa dharura.

Nilikwenda kwenye duka moja la vifaa vya redio, na muuzaji, bila kupima chochote, akaniambia kwamba antena imekufa. Nami, kwa haraka ya safari, nikamwamini, nikanunua antena mpya ya faiba na kuifunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Redio ikabaki vilevile. Hasira iliponitoka ndipo nilipokaa kitini na kujiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: ni kitu gani ambacho kurusha na kupokea vinakitegemea kwa pamoja?

Cha kwanza ni umeme, lakini taa ilikuwa inawaka, na mita ilisoma volti 13.6 nyuma ya redio injini ikiunguruma. Kwa hiyo fyuzi na waya wa hasi havikuwa na kosa. Cha pili ni antena na kebo yake. Hapa ndipo muuzaji alipokosea, nami nikakosea pamoja naye, kwa sababu antena iliyokatika haiizimi redio sauti yote. Hupunguza mkwaruzo, huwafanya watu wa mbali wapotee, lakini ukifungua kabisa kile kitufe cha skwelchi kinachozuia kelele za hewani, bado utasikia mvumo unaozalishwa na redio yenyewe. Yangu ilikuwa kimya cha kaburini. Ukimya wa namna hiyo unamaanisha kwamba sauti imezuiwa ndani kabla ya kufika kwenye spika, na wanaoweza kuizuia si wengi: skwelchi iliyozungushwa mpaka mwisho, swichi ya PA iliyoguswa na mkono wakati wa kufuta vumbi (ikiwa upande huo redio hugeuka kipaza sauti cha nje, hairushi wala haipokei), tundu la spika ya nje lenye kutu, au maiki.

Niligusa vyote vitatu vya kwanza bila mafanikio. Wengi wetu hatuihesabu maiki, kwa kuwa tunaichukulia kama kifaa cha kusemea tu. Katika redio nyingi zenye plagi ya pini nne, njia ya kupokea nayo hupita ndani ya maiki: ukiwa hujabonyeza, swichi yake huunganisha waya wa kupokea na waya wa pamoja, ukibonyeza, huuhamisha muunganiko huo kwenda kwenye waya wa kurusha. Ukikatika ule wa pamoja, redio hupoteza mdomo na masikio kwa mpigo mmoja.

Nilichomoa plagi, nikaweka mita kwenye pini ya 1 na ya 4, ambazo kwenye redio yangu ni ya pamoja na ya kupokea. Haikulia, maana yake njia ya umeme kati ya pini hizo imekatika. Nikaukunja waya pale unapoingia kwenye plagi, ikalia, nikauachia, ikanyamaza. Nilipofungua skrubu mbili za kifuniko nikaona nyuzi za shaba za waya wa pamoja zimekatika zote isipokuwa mbili, bila shaka kwa miaka ya kuvutwa kila ninapopokezana maneno huku nikitazama kioo. Nililehemu upya kwa chuma kidogo cha volti 12, nikaufunga waya kwa kibanio ili uzito wake usiangukie tena kwenye lehemu.

Sikuanza kuongea mara moja. Antena mpya ilikuwa haijapimwa, na kurusha kwenye antena isiyolingana kunaweza kuchoma transista ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi kwenda kwenye antena, ambayo ndiyo ghali. Mita ya SWR, inayopima jinsi antena inavyolingana na redio (namba ndogo ndiyo nzuri), ilisoma 1.8 kwenye chaneli ya 1 na 2.6 kwenye ya 40. Ikiwa kubwa upande wa juu namna hiyo, antena ni ndefu kupita kiasi, hivyo nikaiingiza chini skrubu ya nchani kidogo kidogo mpaka zote mbili zikakaa chini ya 1.5.

Kisha nikauliza kwenye 19 kama kuna anayenisikia. Mzee mmoja aliyekuwa akishuka kutoka Sherman akajibu kwamba ananipata vizuri, na kwamba nifunge minyororo kwenye magurudumu kabla ya kupanda. Antena ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko nyuma ya kitanda changu.