Masikio ya elfi

Jana usiku mpwa wangu wa darasa la tano kaniomba nimchoree elfi, wale viumbe wa hadithi za Ulaya wanaofanana na watu, nikaanza na yale masikio marefu yamechongoka kama jani la mwembe, maana kwenye magemu na muvi ndo wako hivyo, akaniuliza mjomba nani alisema yako hivyo? Nikakosa jibu aisee, nikakaa kusoma mpaka saa nane usiku. Kumbe mwandishi mmoja, Snorri Sturluson wa Aisilandi, karne ya 13, kaandika tu kwamba elfi wa nuru ni wazuri kuliko jua na wale wa giza ni weusi kuliko lami, basi, masikio hajayagusa kabisa! Waingereza wa kale nao walikuwa na neno la kumsifu mwanamke kwamba ni mzuri kama elfi.

Ila hadithi ya Denmark ndo imenishika mpaka sasa hivi, binti elfi ukimwona kwa mbele mrembo balaa, akigeuka mgongo uko wazi, shimo tupu kama mtumbwi.

Asubuhi nikamchorea huyo, kwa nyuma. Dogo kaangalia kimyaaa, halafu akachukua penseli ya kahawia akaanza kulipaka lile shimo taratibu.