Talaka ninayo mkononi, kumbe safari ndo inaanza

Mi mume wangu aliniandikia talaka kwenye karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, akamtuma mdogo wake ailete na baiskeli mpaka kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Nikajua ndo yameisha. Shangazi nae akaniambia mwanangu kaa eda yako, mambo ya nyumba muachie Mungu. Nyumba yenyewe ipo Mabawa, vyumba vinne, hati ina jina la mume, na mi miaka kumi na moja nimekaa nae nakaanga maandazi tangu alfajiri.

Nikatulia, mpaka nikasikia anatafuta mteja. Hapo ndo mbio kwa wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo tu. Nilidhani wakili kazi yake kubishana mbele ya hakimu, kumbe siku ya kwanza alikua anauliza maswali tu, ndoa lini, kiwanja kilinunuliwa kabla au baada, matofali katoa nani. Akasema "Mama, hii karatasi itatusaidia kama ushahidi, ila mali hazigawanywi mpaka mahakama itoe amri ya talaka, na mahakamani hatuendi kabla hujapita baraza la usuluhishi." Ndo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavosema, kwetu Waislamu wengi wanapitia BAKWATA, yani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wengine baraza la kata. Kwa nyumba akaniandikia zuio ili isiuzwe, nipeleke ofisi ya ardhi siku hiyohiyo.

Sasa ujinga wangu. Baraza walituita, tukashindwana, nikapewa hati ya kuonesha usuluhishi umeshindikana, nikaiweka chini ya godoro. Ikaja Ramadhani, mtoto akaumwa, biashara ikayumba, nakuja kuitoa miezi saba imepita! Wakili kaangalia tarehe, kanyamaza, halafu kaniambia ile hati haitakiwi kuzidi miezi 6 mpaka unafungua shauri. Nikaanza upya barazani, nimekaa kwenye benchi machozi yananitoka na watu wananiangalia.

Kilichonibeba ni daftari langu la vikoba. Limelowa mafuta ya maandazi kurasa zimegandana, ila humo nilikua naandika kila kitu, mifuko ya simenti mitano, fundi elfu thelathini, mabati. Wakili alilibandua kurasa mojamoja kwa kisu cha mezani. Na hata lisingekuwepo akasema tungetumia kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani 1983, ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango, yani kupika na kulea hukua umekaa bure.

Siku hizi majirani wananiuliza mi utasema nimesoma sheria. Mwenye mtoto chini ya miaka 7, sheria inaanza kwa kuona ni vizuri abaki kwa mama, ila baba anaweza kupinga akionesha sababu na hakimu ataangalia maslahi ya mtoto. Wa kuishi pamoja bila ndoa, kuanzia miaka 2 na watu wanawajua kama mke na mume, usikate tamaa, nenda kaulize nawe.

Mi mahakama ilinipa asilimia arobaini ya nyumba, mume akaomba anilipe kwa awamu abaki na nyumba, nikakubali. Awamu mbili kalipa, ya tatu ananizungusha, mara samaki hawapatikani, mara simu imezimwa. Jumatatu naenda na wakili kukazia hukumu, yani mahakama imlazimishe alipe.